Furu wa Mawe: Maswali na Majibu Kuhusu Kupiga Picha Chini ya Ziwa Victoria

Mpiga mbizi wa Tanzania akitaka picha za viumbe wadogo wenye rangi huenda Mnemba, Pemba au Mafia, kwenye matumbawe ya bahari. Mkoa wa Mara hauna bahari. Una miamba ya ziwa, na kwenye miamba hiyo wanaishi samaki wadogo waitwao furu, wenye rangi za kuwashangaza hata wenyeji waliozoea kuwaona wakiwa wakavu sokoni. Wasomaji wa Musoma, Bunda na Butiama wameuliza jinsi ya kuwapiga picha. Tunajibu.

Ni kweli kuna samaki mwenye jina la Mwalimu, au ni maneno ya vijiweni? (Butiama)

Ni kweli. Mwaka 1985 watafiti wawili Waholanzi, Els Witte-Maas na Frans Witte, waliandika maelezo ya kwanza ya kisayansi ya furu huyu na kumpa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka huohuo Mwalimu aling'atuka urais. Leo samaki huyo anaitwa *Pundamilia nyererei*. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi ya wima. Ndugu yake, *Pundamilia pundamilia*, ana mwili wa kijivu cha samawati wenye mistari hiyohiyo, na pezi la mgongoni linalong'aa buluu. Yupo pia *Neochromis omnicaeruleus*, mla mwani wa kwenye mawe: madume yake ni ya buluu, na baadhi ya majike yana mabaka ya rangi ya chungwa na nyeusi.

Wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Ziwa lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu kabla ya sangara, mla samaki aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, kutapakaa kila upande miaka ya 1980. Walioteketea zaidi ni wale wa maji ya wazi. Wa kwenye mawe walisalia kwa wingi zaidi, kwa sababu wana mianya ya kujifichia.

Nimeona wapiga mbizi wa baharini wakifunga kichujio chekundu mbele ya lenzi. Na mimi ninunue? (Bunda)

Usipoteze fedha yako. Baharini maji hula mwanga mwekundu kwanza, ndiyo maana picha za kule hutoka za buluu na mpigaji hulazimika kuurudisha wekundu. Ziwa letu lina tope, mwani na mabaki ya majani yaliyooza, na hivyo vyote hula mwanga wa buluu kwanza. Kadiri unavyoshuka, mwanga unaobaki ni wa manjano, kisha mwekundu. Ukiongeza kichujio chekundu utapata picha ya rangi ya kutu.

Samaki wenyewe wanaijua sheria hiyo kuliko sisi. Kwenye kisiwa cha Makobe, katika Ghuba ya Speke, furu wa buluu hukaa kwenye kina kifupi na wale wekundu hukaa mita kadhaa chini yao. Mwaka 2008 Ole Seehausen na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba macho ya samaki hao yanatofautiana kulingana na mwanga wa kina wanachoishi, na jike humchagua dume ambalo rangi yake anaiona vizuri. Kwa hiyo ukitaka buluu, tafuta karibu na uso wa maji. Ukitaka nyekundu, shuka kidogo.

Basi niipange vipi kamera yangu? (Musoma mjini)

Anza na umbali. Uwezo wa kuona ndani ya maji ya ghuba zetu unaweza kuwa nusu mita tu mahali penye tope, na ukapita mita mbili visiwani. Kila sentimita ya maji kati yako na samaki inafifisha picha, hivyo sogea hadi sentimita 30 au chini ya hapo. Lenzi ya makro ya milimita 60 inafaa kuliko ya 100, maana hiyo ndefu itakulazimisha urudi nyuma hadi kwenye ukungu.

Flashi isitazame mbele moja kwa moja. Ikitazama mbele, kila chembe ya tope itang'aa kama vumbi mbele ya taa za gari barabara ya vijijini. Itoe pembeni kwa mkono wake na uigeuze nje kidogo, ili samaki aguswe na ukingo wa mwanga tu. Anza na kasi ya 1/160, tundu la f/11 na ISO 200, kisha rekebisha. Kama huna flashi, shuka na kibao cheupe cha plastiki, ielekeze kamera kwenye kibao hicho na uifundishe kwamba huo ndio weupe. Rudia kila unapobadili kina. Hifadhi picha kwa mfumo wa RAW ili rangi ziweze kusahihishwa baadaye. Lenga jicho. Jicho likiwa na ukungu, picha yote imekwisha.

Kila nikisogea, samaki wanapoteza rangi au wanakimbia. Kwa nini? (Bunda)

Rangi kali ni ya dume lenye himaya. Akitishwa au akishindwa na dume mwingine, rangi hufifia ndani ya dakika chache. Usimfukuze. Chagua jiwe moja, tulia karibu nalo, pumua polepole na umwache akuzoee. Mwenye himaya hurudi palepale, na hujionyesha kwa fahari pale jike anapopita au jirani anapovuka mpaka. Angalia pezi la chini karibu na mkia: lina madoa ya manjano au chungwa yanayofanana na mayai. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni. Ukimwona jike mwenye shavu lililovimba na asiyekula, mwache bila kumsumbua, kwani akishtuka anaweza kuyatema.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, sina mtungi wa hewa wala kamera ya majini. Naweza kufanya chochote? (Musoma)

Marahaba. Unaweza, na njia yako ndiyo wanayoitumia hata watafiti. Tengeneza kisanduku chembamba cha kioo, upana wake ukizidi kidogo unene wa samaki. Jaza maji ya ziwa, weka karatasi ya kijivu au ya buluu nyuma, na uelekeze mwanga kutoka juu na pembeni. Mwombe mvuvi wa ndoano furu aliyetoka kwenye kina kifupi, maana wa kina kirefu kibofu chake cha hewa huvimba akipandishwa haraka. Msogeze taratibu kwenye kioo cha mbele kwa kipande kingine cha kioo, subiri mapezi yafunguke, piga picha mbili tatu haraka kabla rangi haijafifia, kisha mrudishe palepale alipotolewa. Simu ya kawaida inatosha kwa kazi hii.

Kuna hatari gani? (Musoma vijijini)

Mamba na viboko ni hatari ya kwanza. Mdomo wa Mto Mara na matete yake si mahali pa kuzamia kabisa. Uliza wavuvi wa eneo husika kabla ya kugusa maji, na kama wanasita, ondoka.

Pili ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hukaa kwenye majani ya kando ya ziwa, kwa hiyo ingia majini kutoka kwenye mtumbwi, kwenye maji ya kina mbali na matete, na ujifute mara unapotoka. Wiki kadhaa baadaye nenda kapime. Tiba ipo, ni prazikwanteli.

Tatu ni mwinuko. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya kuzamia yametengenezwa kwa ajili ya bahari. Weka kompyuta yako kwenye hali ya mwinuko. Baada ya kuzamia kwa mtungi, usipande gari siku hiyohiyo kuelekea Arusha kupitia Serengeti: ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200, na nitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutengeneza mapovu. Kaa saa 24. Kumbuka pia kwamba maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo punguza uzito wa mkanda, kilo mbili hivi kwa mtu mzima mwenye vifaa kamili. Mafunzo yenyewe yapate kwanza kwa mwalimu mwenye cheti.

Wavuvi wananishuku. Niwaambie nini? (Bunda)

Waambie kabla hujafika. Mtu anayezama karibu na nyavu za wenzake atahesabiwa mwizi, na haki yao. Nenda kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo husika, mwonyeshe kamera na picha ulizonazo, eleza siku na saa utakayokuja. Mchukue mvuvi mmoja awe nahodha wako na umlipe. Yeye ndiye anayejua jiwe lilipo na upepo unabadilika saa ngapi.

Nikishapata picha, zina faida gani zaidi ya kuweka mtandaoni? (Butiama)

Furu hutofautiana kutoka kisiwa hadi kisiwa, na walichunguzwa zaidi upande wa Mwanza. Ukimkuta mwekundu mwenye mistari kwenye miamba ya Musoma, usiharakishe kumwita nyererei. Andika mahali, kina, tarehe, na uwezo wa kuona majini kwa sentimita, kisha wapelekee TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi.

Kipimo hicho cha mwisho kina uzito kuliko unavyodhani. Mwaka 1997 Seehausen, Jacques van Alphen na Witte walionyesha kwamba maji yanapochafuka kwa mbolea na udongo wa mashambani, jike hawezi tena kutofautisha madume, aina hujichanganya na rangi hupotea bila hata samaki mmoja kuvuliwa. Picha yenye takwimu zake inaonyesha rangi zilivyo leo na maji yalivyo leo. Irudie kila mwaka kwenye jiwe lilelile, na utajua kama mashamba na miji ya Mara inalitunza ziwa au inalifuta.