Uvimbe wa Tezi za Ngozi kwa Mbwa

Mbwa anayelinda nyumba ya ufukweni kule Uroa huweza kuonekana mzima kabisa, kumbe ana kijivimbe chini ya mkia. Watoto wanaomwogesha ndio hukigusa kwanza. Baba husema, "Jipu tu hilo, litapasuka." Mara nyingine si jipu.

Ngozi ya mbwa ina tezi za namna nyingi. Tezi za mafuta, kwa mbwa mzee, huota vivimbe kama chunjua, na vingi havina madhara. Tezi zinazozunguka njia ya haja kubwa huvimba hasa kwa dume asiyehasiwa, maana hustawishwa na homoni za kiume. Akihasiwa, kwa kawaida uvimbe husinyaa.

Wa kuogopwa zaidi ni uvimbe wa vile vifuko viwili vya harufu, kimoja kila upande wa njia hiyo. Saratani ya hapo huweza kuwa ndogo kama punje ya kunde, nayo imekwisha kusafiri. Chembe zake hubanduka, zikachukuliwa na majimaji ya mwili hadi kwenye tezi za kinga (zikivimba twaziita mitoki) zilizo ndani ya tumbo, chini ya uti wa mgongo. Baadaye huweza kufika mapafuni. Mitoki hiyo ikikua hubana utumbo, mbwa akajikamua bila kupata choo. Tena saratani hii huweza kuzidisha madini ya kalsiamu katika damu, naye akawa anakunywa maji na kukojoa kupita kiasi. Wakati wa kaskazi ni rahisi kudhani ni joto tu!

Matiti nayo ni jamaa ya tezi za jasho. Kwa jike, karibu nusu ya uvimbe wa matiti ni saratani, na husambaa kupitia kwapa au kinena. Jike aliyetolewa kizazi kabla ya joto lake la kwanza huupata kwa nadra sana.

Wapo wanaofunga uvimbe kwa uzi au kuukata kwa wembe. Msifanye hivyo: mnyama huteseka, na mizizi hubaki. Mwiteni daktari wa mifugo. Atavuta chembe kwa sindano nyembamba azitazame kwa darubini, atapapasa mitoki, ndipo aamue kama atapasua.

Je, watoto wataambukizwa? La. Saratani hizi haziambukizi watu, wala mbwa wengine. Ile inayoambukiza mbwa kwa mbwa, hasa wanapopandana, ni nyingine, nayo haitokani na tezi. Basi watoto na waendelee kumwogesha, ila mtu mzima ainue mkia na kupapasa matiti kila mwezi.