Jina la Mchumba Lina Uzito

Vijana wapendwa wa shule za sekondari, Masisi na Walikale, mara nyingi mwauliza: Mvulana na msichana wakipendana shuleni, je, yafaa waitane wachumba?

Tufikiri kwanza maana ya neno. Uchumba si pambo la barua. Ni ahadi ya ndoa, nayo hutolewa mbele ya wazazi wa pande mbili. Asiyeweza kuitimiza ahadi asiitoe. Tena sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, yakataza uchumba na ndoa kwa aliye chini ya miaka 18.

Tazameni na hatari yake. Msichana aitwaye mchumba kwa siri hudhani amepata mume. Mvulana hudhani amepata ruhusa. Mimba ikiingia, jina lile halina shahidi hata mmoja, na masomo ya msichana ndiyo hukatika kwanza.

Basi itaneni kwa jina la kweli: rafiki. Rafiki halazimiki kujificha. Huja mchana, akamsalimu mama.

Swali la kujipima: Jina unalompa mwenzako, je, waweza kulitamka mbele ya baba yake?