Maurice Turnbull: Alipanda, Wengine Wakavuna



Leo tumwangalie mtu ambaye Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na huenda hujawahi hata kumsikia. Alikuwa mlei Mkatoliki, mume na baba, mchezaji wa kriketi aliyefia vitani akiwa na miaka 38. Anaitwa Maurice Turnbull.

MAISHA YAKE

Alizaliwa Cardiff, Wales, tarehe 16 Machi 1906. Alisoma Downside, shule ya watawa Wabenedikto huko Uingereza, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Vipaji alijaliwa kweli kweli. Aliichezea Uingereza kriketi katika mechi 9 za kimataifa. Halafu mwaka 1933 alikuwa kwenye timu ya raga ya Wales iliyoifunga Uingereza kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Twickenham. Yaani huku anaichezea Uingereza, huku anaifunga!

Enzi hizo kriketi ilikuwa na wachezaji wa kulipwa na wachezaji wa ridhaa. Turnbull alikuwa wa ridhaa: hakulipwa mshahara wa kucheza.

Sasa tazama alichofanya na kipaji chake. Timu ya nyumbani kwao, Glamorgan, iliingia kwenye ligi ya kaunti mwaka 1921. Ilikuwa inafungwa ovyo na mfukoni haina kitu. Turnbull akawa nahodha mwaka 1930, baadaye akabeba na kazi ya ukatibu. Kazi ya katibu unaijua: barua, hesabu, kubisha hodi kwa watu wenye uwezo. Mchezaji wa timu ya taifa alizunguka kusini mwa Wales akiandaa dansi za kuchangisha fedha ili timu isife. Na haikufa.

Mwaka 1939 vita ikaanza. Akajiunga na jeshi, katika kikosi cha Welsh Guards, akapanda hadi cheo cha Meja. Tarehe 5 Agosti 1944, miezi miwili baada ya majeshi kutua Normandy, alikuwa akiwaongoza askari wake karibu na kijiji cha Montchamp, Ufaransa. Mdunguaji akampiga risasi, akafa palepale. Aliacha mjane na watoto watatu.

Miaka minne baadaye, mwaka 1948, Glamorgan ikatwaa ubingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Katika mechi ya kuamua ubingwa, mmoja wa waliong'ara ni Johnnie Clay, aliyehangaika pamoja na Turnbull katika miaka ile ya shida. Clay alikuwa na miaka 50. Turnbull hakuwepo.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Kipaji ni amana. Katika mfano wa talanta (Mt 25:14-30), bwana anauliza mtumishi amefanya nini na alichopewa. Turnbull angeweza kuridhika na sifa zake mwenyewe. Akachagua kuwabeba na wenzake.

2. Kazi isiyopigiwa makofi nayo ni huduma. Anayepanga viti kabla ya Misa, anayetunza daftari la michango, anayewapigia simu wanaokwaya waliopotea mazoezini: Mungu anawaona.

3. Si lazima uyaone mavuno. Hapa ndipo wengi tunakata tamaa. Umeanzisha kikundi cha vijana, wanakuja watatu. Umemwombea ndugu yako aache pombe, mwaka wa tano huu. Unajiuliza, kwani nahangaika nini? Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba wanavuna shamba ambalo wengine walilitolea jasho (Yn 4:37-38). Hakutuahidi kwamba kila mpanzi atakuwepo siku ya mavuno. Alichosema ni kwamba mpanzi na mvunaji watafurahi pamoja. Hilo linauma kidogo, lakini pia linatuondolea mzigo: matokeo ni ya Mungu, kwetu sisi ni uaminifu.

TAFAKARI

- Ni kazi gani parokiani au nyumbani ninaidharau kwa sababu haionekani?
- Nani alipanda ninachovuna leo? Nimewahi kumshukuru, au kumwombea kama ametangulia?

TUSALI

Ee Bwana, utupe moyo wa kupanda hata pale tusipoona mvua. Uwapokee wote waliofia vitani, uwafariji wajane na yatima, na utujalie amani. Amina.