Mtoto mchanga ana dhambi gani?

SWALI: Jirani yangu hapa Laela, Ufipa, haamini dini. Anasema dhambi ililetwa na wamisionari ili watutishe, na kwamba kumbebesha mtoto mchanga kosa la Adamu ni uonevu. Nimjibuje?

JIBU: Mkubalie alipo na haki: wapo waliogeuza dhambi kuwa fimbo ya kutishia waumini. Lakini wamisionari wa Mababa Weupe walipoingia Karema mwaka 1885 hawakuwakuta watu wasiojua ubaya. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ufipa ikiwa imejaa Wakatoliki, watu wa Kamcape, vuguvugu la kupinga uchawi, walipita vijijini wakifichua waliodaiwa kuwa wachawi. Tofauti yao na Kanisa ni kidole kinaelekea wapi. Kwa Kamcape mbaya ni jirani. Kwenye kitubio mtu hupiga magoti akataja lake, na akianza kusimulia ya mkewe, padri humrudisha kwenye yake.

Kuhusu mtoto, Agostino wa Hippo (Mwafrika mwenzetu, aliyefariki mwaka 430) alikuwa mkali kuliko Kanisa la leo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 inaiita dhambi ya asili hali iliyorithiwa, si tendo la mtoto mwenyewe. Ni kama mtoto anayezaliwa katikati ya ugomvi wa mpaka wa shamba: hakuuanzisha, ila utamgusa. Jirani yako atasema mvuto wa ubaya ni maumbile tu. Maumbile yanaeleza kwa nini tunavutwa kudhulumu. Hayaelezi kwa nini aliyedhulumu anadaiwa. Yeye anasema anadaiwa na aliyedhulumiwa tu, wewe unasema na Mungu pia. Basi mnabishania Mungu, si dhambi. Mjadala wenu uanzieni hapo.