Mizani Moja kwa Mkubwa na Mdogo



Ndugu zangu, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Bwera. Mzee jirani yetu aliibiwa mbuzi. Nilipomshauri aende polisi, alicheka: "Mwanangu, nikatafute nini kule?" Sikuwa na jibu.

Nani wa Kasese asiyeikumbuka tarehe 27 Novemba 2016, askari walipovamia ikulu ya Mfalme wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere? Katika siku mbili zile zaidi ya watu 100 waliuawa, wakiwemo polisi. Mfalme na watu wake wengi walishtakiwa kwa makosa yakiwemo ugaidi na mauaji. Juni 2023, Mkurugenzi wa Mashtaka aliyaondoa mashtaka hayo. Wengi tulimshukuru Allah kuona watu wakirudi makwao. Lakini kesi iliyoondolewa haina hukumu. Mjane wa raia na mjane wa polisi, wote wanasubiri kuambiwa ukweli.

Dini yetu inatufundisha mambo matatu.

Kwanza, usawa. Mwanamke wa ukoo wa Makhzum alipoiba, Usama bin Zayd (r.a.) alitumwa kumwombea. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akaeleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mwizi mtukufu na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hata Fatima, binti yake, asingeachwa (Bukhari na Muslim).

Pili, kurejea kwenye haki. Katika barua inayonasibishwa na Umar bin al-Khattab (r.a.), Abu Musa al-Ash'ari anaagizwa asizuiwe na hukumu yake ya jana kuirudia haki leo. Serikali inayokiri kosa na kulieleza haipungukiwi heshima, huanza kuaminiwa.

Tatu, ushahidi. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamuru kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Basi tusihesabu maiti wa upande wetu tu. Na dhamana ya polisi ni bure. Anayetoa "chai" ili ndugu yake atolewe naye anaipinda mizani.

Asubuhi nilimsindikiza mzee kituoni. Tuliandikisha shauri lake, hatukutoa chai. Mbuzi hajapatikana, lakini mzee anarudi kuuliza. Na sisi tusichoke kuuliza.

Wallahu a'lam.