Jinsi Kompyuta Inavyotenga Maneno

Mtu asomapo mstari wa maandishi huyatambua maneno bila taabu. Kompyuta haina jicho la namna hiyo. Kwake mstari ni mfululizo wa alama tu, na kila alama huhifadhiwa kwa namba. Katika utaratibu wa namba uitwao ASCII, herufi kubwa A ni 65, na nafasi tupu iliyo baina ya maneno ni 32. Nafasi hiyo, ambayo kwa binadamu si kitu, kwa kompyuta ni alama kama nyingine, nayo ndiyo hutumika kuwa mpaka wa neno.

Uchukuliwe mfano wa orodha ya wagonjwa katika zahanati. Karani ameandika: Asha Juma Mwinyi. Programu huupitia mstari alama moja moja. Ikutanapo na 32, hukata hapo na kuliweka kando neno lililokwisha kusomwa. Mwishoni hupatikana vipande vitatu, na kila kimoja hutiwa katika kibadilika chake. Kibadilika ni mfano wa kisanduku chenye jina, ambacho yaliyomo yaweza kubadilishwa. Kisanduku cha kwanza hupokea jina la mgonjwa, cha pili la baba yake, na cha tatu la babu.

Kazi hii yaweza kuharibika kwa njia mbili. Kwanza, karani akiacha nafasi mbili baada ya Asha, programu inayokata kila ionapo 32 itatoa kipande kitupu. Kisanduku cha baba kitabaki bila kitu, na Juma ataangukia kwa babu. Dawa yake ni kuiagiza programu ihesabu nafasi zinazofuatana kuwa mpaka mmoja.

Pili, jina laweza kuandikwa: Asha binti Juma Mwinyi. Hapo vipande ni vinne na visanduku ni vitatu. Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991, hutangaza kosa na kuisimamisha programu. Lakini agizo liitwalo read, litumikalo katika mitambo ya Unix, hutia yote yaliyosalia katika kisanduku cha mwisho. Hivyo baba huitwa binti, na babu huitwa Juma Mwinyi, wala hakuna onyo lolote.

Kosa lililotangazwa husahihishwa papo hapo. Kosa la kimya hudumu mpaka siku muuguzi atakapoitafuta kadi ya Asha kwa jina la baba yake asiione, ingawa imo.

Kwa hiyo utaratibu ulio salama una hatua tatu: kukata, kuhesabu, ndipo kugawa. Vipande visipotimia vitatu, au vikizidi, mstari huo na utengwe, usomwe na mtu anayejua kwamba "binti" si jina la baba.