Mdogo wangu wa Mudende, rudisha chungu jikoni

Mdogo wangu, umeniandikia kurasa tatu, na habari yenyewe nimeikuta chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za mtu anayenong'ona: tangu Machi hujaziona siku zako. Huko juu kote ulikuwa unanieleza furaha. Tangu Januari hujala kitu kilichopita motoni. Mlianza wasichana watano, wawili wakaacha, wewe ukashikilia. Ngozi ikang'aa, tumbo likawa jepesi. Kisha mvua za itumba, yaani masika, zikaingia, ukungu ukashuka, na sasa vidole vinakufa ganzi asubuhi, usiku unalala na sweta mbili na bado unatetemeka. Unaniuliza: dada, ni mwili unajisafisha au ninaumwa?

Mwili wako una njaa, mdogo wangu.

Kwanza la haraka. Kama kuna uwezekano wowote wa mimba, pima wiki hii, usingoje. Hata kama haupo, chukua kadi yako ya mituweli, bima ya afya, uende kituo cha afya, na ukifika useme yote mawili: kwamba siku zimekatika, na kwamba unakula vibichi tu. Usilifiche hilo la pili kwa kuogopa kuchekwa. Muuguzi asiyejua unachokula atahangaika kutafuta sababu ambayo wewe unaijua.

Hauko peke yako. Kule Giessen, Ujerumani, watafiti waliwachunguza watu zaidi ya 500 waliokuwa wakiishi kwa vyakula vibichi kwa muda mrefu, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Katika wanawake wasiofika miaka 45, kama 3 kwa kila 10 siku zao zilikuwa zimevurugika au zimekatika kabisa. Na kadiri sehemu ya chakula kibichi ilivyozidi, ndivyo uzito wao ulivyopungua. Mwili ukiona kinachoingia hakitoshi, huanza kubana matumizi, na uzazi ni katika vitu vya kwanza kusimamishwa.

Sasa hesabu na mimi. Kilo nzima ya kabichi mbichi haifikishi kalori 300. Wewe unapanda na kushuka vilima hivyo, unachota maji, unapalilia viazi, tena mahali palipo juu ya meta 2,000. Unahitaji kalori 2,000 na zaidi kwa siku. Ungetafuna tangu alfajiri hadi giza na bado usifike. Kutetemeka nako kunakula nguvu, kwa hiyo baridi inakuongezea deni kila usiku.

Unaniambia mbona gorila wa mlima Karisimbi wanaishi kwenye baridi kali kuliko yetu na hawajui moto. Swali zuri, na limenifurahisha. Lakini mtazame gorila anavyoishi: tumbo kubwa kama pipa, taya nene, na sehemu kubwa ya mchana anatafuna majani. Richard Wrangham, aliyewafuatilia sokwe mtu kwa miaka mingi katika msitu wa Kibale, Uganda, alionja matunda wanayokula akaona mtu hawezi kuishi kwa hayo. Mwaka 2009 alitoa kitabu akidai kwamba kupika ndiko kulikotufanya watu: moto ulilainisha chakula, utumbo wetu ukawa mdogo, nguvu ikabaki kwa ajili ya ubongo. Wataalamu bado wanabishana naye kuhusu lini hasa hayo yalianza. Ila utumbo tulio nao leo si wa gorila, na hilo halina ubishi.

Najua pia wengi wenu mmekua karibu na Wasabato, waliofungua chuo kikuu chao hapo Mudende, Rwanda, mwaka 1984, kabla hakijahamia Kigali. Mmewaona watu wasioonja nyama na wana afya njema. Ni kweli kabisa. Lakini kuacha nyama na kuacha moto ni mambo mawili. Mtu asiyekula nyama ana chungu chake cha maharagwe, ana viazi, ana uji wa sosoma, ule unga wa soya, mtama na mahindi. Wewe umevifunga vyote hivyo kwa mkupuo mmoja.

Na kuna vitu ambavyo nakuomba usivijaribu vibichi hata kwa kutambiwa na rafiki. Maharagwe mabichi, hata yaliyolowekwa yakachipua, yana sumu inayokutapisha ndani ya saa chache. Machache tu yanatosha. Huko kwenu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 94, ndiyo maana sufuria ya maharagwe inakaa motoni muda mrefu hivyo. Yaloweke usiku, umwage yale maji, kisha maharagwe uyachemshe kwelikweli, makaa yatapungua. Kiazi chenye rangi ya kijani usikile, kibichi wala kilichopikwa. Na maziwa, mdogo wangu: najua ng'ombe wako karibu na maziwa yanatoka ya moto kwenye kiwele. Yachemshe. Maziwa mabichi hubeba ugonjwa wa kutupa mimba, ule unaowatoa ng'ombe ndama, na mtu humletea homa zisizokwisha. Ukipenda kivuguto, maziwa ya mgando, gandisha maziwa yaliyochemshwa. Usiyaache, kwa sababu mboga hazina vitamini B12, na wewe huli nyama wala mayai.

Sikukatazi vibichi. Navipenda, na mezani kwangu havikosi. Binyomoro, marakuja na ndimu vina vitamini C inayopotea sana ukivipika, na vitamini hiyo huusaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na dodo, yaani mchicha. Mtu aliyekosa chakula miezi mitano anahitaji hayo madini. Kwa hiyo kula sahani ya maharagwe ya moto, na juu yake kachumbari ya kitunguu na kabichi iliyokamuliwa ndimu. Parachichi nalo kula bichi, nusu au zima kila siku. Hilo lina mafuta, na mafuta ndiyo kuni za mwili.

Ila kuna suala la kuosha. Hapa nisikilize sana, maana nilipokuwa na umri wako nililazwa siku nne kwa ajili ya kabichi niliyoisuuza kwenye beseni mara moja nikaona imetosha. Mashamba yanapata mbolea, mvua inasomba uchafu wa vyoo, na mayai ya tegu la nguruwe yanaweza kuwa kwenye jani bila kuonekana. Ukiyameza, viluwiluwi vyake vinaweza kwenda kukaa ubongoni na kuleta kifafa. Chemsha maji, kwa urefu wa vilima vyenu yaache yatokote dakika 3, yapoe. Bandua majani ya nje ya kabichi uyatupe, yaliyobaki uyaoshe moja moja kwa maji hayo yanayomiminika. Karoti menya.

Anza leo jioni, na anza taratibu, maana tumbo limezoea vyepesi. Kikombe cha uji wa sosoma wenye maziwa, ukiushika kwa mikono miwili. Kesho viazi viwili vitatu vya kinigi na maharagwe kidogo. Ngozi haitaharibika. Wenzako wawili waliobaki wasomee barua hii. Huenda kuna mwingine anayehesabu miezi kimya kimya.

Na ule mfuko wa karoti ulioniambia umeununua sokoni usiutupe. Nusu ikwangue uile mbichi na ndimu. Nusu itie sufuriani na tone la mafuta, kwa sababu vitamini A ya karoti hupatikana vizuri zaidi ikipikwa hivyo, na usogeze kigoda karibu na mbabula, jiko la makaa, wakati zinaiva.